Historia ya Vishazi Rejeshi katika Kiingereza cha Maandishi

Kishazi rejeshi ni ile sehemu ya sentensi inayorudi nyuma kumweleza mtu au kitu kilichokwisha kutajwa. Kiswahili huifanya kazi hiyo ndani ya kitenzi, kwa viambishi kama -ye-, -o- na -cho-, au nje ya kitenzi kwa amba-. Kitenzi cha Kiingereza hakipokei kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kishazi huungwa kwa neno la pembeni: who, whom, whose, which au that, na pengine bila neno lolote. Mwanafunzi hufundishwa maneno haya kana kwamba yamekuwapo tangu lugha ilipoanza, kila moja mahali pake. Sivyo. Manne kati ya hayo matano hayakuwa virejeshi kabisa katika Kiingereza cha Kale, na kanuni nyingi zinazoyatawala leo hazijatimiza miaka 300. Ziliwekwa na makarani, wafasiri, wapiga chapa, walimu na wahariri, na mara nyingi aliyeleta kanuni mpya alidai kwamba anarudisha ya zamani.

Kiingereza cha Kale ndicho kilichoandikwa Uingereza tangu karne ya 7 hadi muda mfupi baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Kirejeshi chake cha kawaida kilikuwa neno dogo, þe. Herufi þ ilisimamia sauti ambazo Kiswahili huziandika th na dh. Neno hilo halikubadilika: mwanamume, mwanamke, kitu, mmoja au wengi, wote walirejelewa kwa þe ile ile. Kando yake vilikuwapo viashiria se, seo na þæt, vilivyobadilika kwa jinsi, idadi na uhusika. Hivyo viliweza kufanya kazi ya kirejeshi vyenyewe au kuandamana na þe. Mwandishi aliyetaka kuonyesha wazi kwamba anayerejelewa ni mtenda au ni mtendwa alichukua kiashiria. Asiye na haja hiyo, þe ilimtosha. Maneno hwa na hwilc, ambayo baadaye yamekuwa who na which, yalijulikana, lakini kazi yake ilikuwa kuuliza, au kusema "yeyote" na "chochote". Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala tangu 871 hadi 899 na kusimamia tafsiri za vitabu vya Kilatini, alimaliza kazi hiyo yote bila kuhitaji kumrejelea mtu kwa who.

Tabia moja ya þe ina umuhimu kwa yaliyofuata: haikukubali kutanguliwa na kihusishi. Aliyetaka kusema "nyumba aliyoishi ndani yake" alikiacha kihusishi nyuma, karibu na kitenzi. Hivyo basi kihusishi cha mwishoni, ambacho walimu wa karne ya 18 walikikemea kama uzembe wa watu wa siku zao, ndicho kilichokuwa utaratibu wa kwanza.

Vishazi rejeshi viwili vilipofuatana, mambo yalikuwa tofauti na leo. Waandishi wa enzi hiyo walipenda sentensi fupi zinazoandamana kwa and, na kumbukumbu za kila mwaka zilizoanza kukusanywa wakati wa Alfred zimejaa mtindo huo. Kirejeshi kilitajwa mara moja katika kishazi cha kwanza. Baada ya and, mara nyingi hakikurudiwa. Kilikuja kiwakilishi cha kawaida, he au his, kama vile sentensi mpya imeanza. Mzungumzaji wa Kiswahili hufanya vivyo hivyo anaposema "yule mzee aliyenipa kiwanja na mkewe akanipa mbegu", bila kujisumbua kutafuta kirejeshi cha mke. Ni ujenzi wa mdomoni, na haukufa upesi: unaonekana hata katika tafsiri za Biblia za karne ya 16 na 17, ambako mara nyingine ulisaidiwa na Kigiriki cha asili kilichofanya vilevile.

Baada ya 1066 Kiingereza kiliacha kuwa lugha ya serikali na sheria kwa muda mrefu, na viambishi vyake vya uhusika na jinsi vikapukutika. Se na seo zilipotea. Þe ikawa kitambulishi cha nomino, ile the ya leo, na papo hapo ikaendelea kuwa kirejeshi. Neno moja kwa kazi mbili katika sentensi moja lilizaa utata, na kazi ya kurejelea ikahamia kwa þæt, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshasahau jinsi na idadi. Mabadiliko haya yalianzia mashariki na katikati ya Uingereza. Kitabu cha Ormulum, kilichoandikwa na mtawa aliyeitwa Orm huko Lincolnshire katika karne ya 12, kinatumia that karibu kila mahali ambapo mtangulizi wake angeandika þe. Kusini na magharibi þe ilishikilia hadi karne ya 13. Kisha that ikatawala nchi nzima, na kwa kitambo Kiingereza kilikuwa na kirejeshi kikuu kimoja cha watu, wanyama na vitu.

Which, whom na whose hazikuja kushindana na that pale ilipokuwa na nguvu. Ziliingia ilipokuwa dhaifu. Kama þe kabla yake, that haikubali kihusishi mbele yake, wala haina umbo la umiliki. Karani aliyekuwa akifasiri Kilatini alikutana kila ukurasa na in quo, cuius na quibus, akahitaji neno linaloweza kufanya kazi hizo. Kifaransa, lugha ya mabwana na ya mahakama, kilimpa mfano wa pili, kwani qui na lequel huuliza na kurejelea vilevile. Kwa mifano hiyo miwili, maneno ya kuuliza ya Kiingereza yakapewa kazi ya pili. Mwanaisimu Suzanne Romaine, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu maandishi ya Kiskoti ya karne ya 16, alionyesha njia yenyewe ilivyokuwa: maumbo haya yalienea kwanza katika maandishi mazito na katika nafasi ngumu za kisarufi, kama umiliki na baada ya vihusishi, na yaliifikia mwisho kabisa nafasi rahisi ya mtenda. Kwa maneno mengine, yaliingia kwa kalamu, kutoka juu.

Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika which that kwa pamoja. Msomaji wa leo huona maneno mawili yanayogombea kiti kimoja, lakini kwa Chaucer halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu aliandika pia when that na if that. That ilikuwa kiunganishi cha jumla kilichoweza kuandamana na neno lolote linalofungua kishazi tegemezi. Jambo hili litarudi katika karne ya 20, wanaisimu watakapouliza kama that ni kiwakilishi hata kidogo.

Henry V alipoanza mwaka 1417 kuandikiwa barua zake za muhuri kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, makarani walihamisha mazoea yao pamoja na kalamu. Hapo the which ilipata makao, na baada yake which said, yaani "ambalo shamba lililotajwa". Wasomi wanabishana kama the which ni mwigo wa lequel ya Kifaransa au ni mmea wa nyumbani. Lililo wazi ni kwamba makarani waliipenda. Katika hati ya sheria utata hugharimu ardhi, na kirejeshi kinachotaja upya nomino yake hakina utata hata kama kinachosha. Mikataba ya Kiingereza iliendelea kuandikwa hivyo karne nyingi baada ya waandishi wengine kuuacha mtindo huo.

Who ilichelewa kuliko zote. Kama kirejeshi cha mtenda ilianza kuonekana mara kwa mara katika karne ya 15, na ilionekana mahali ambapo mtu hakutazamia: mwishoni mwa barua. Familia ya Paston ya Norfolk na ya Stonor ya Oxfordshire zimeacha mamia ya barua, na nyingi hufungwa kwa dua ya kumkabidhi mpokeaji kwa Mungu, ambaye amlinde. Anayerejelewa kwa who katika dua hizo ni Mungu. Ruwaza ya dua ilitoka katika barua za Kifaransa, na walioiandika walikuwa wakifuata adabu ya uandishi, si matamshi ya sokoni. Baadaye neno hilo likaenea kwa binadamu, na kufikia karne ya 17 lilikuwa limezoeleka katika vitabu.

William Caxton alianzisha uchapaji Westminster mwaka 1476. Alikuwa mfasiri kabla ya kuwa mpiga chapa, na sehemu kubwa ya vitabu alivyovitoa kwa Kiingereza ilifasiriwa kutoka Kifaransa. Herufi zake zilitoka Bara, ambako þ haikutumika, jambo lililoharakisha kufa kwa herufi hiyo. Kwa upande wa vishazi, athari ya nathari ya Caxton na wenzake ilikuwa kuipa which kazi ambayo that haikuwahi kuwa nayo: kuendeleza habari. Sentensi inakaribia kwisha, kisha which inaidaka na kuipeleka kwenye tukio linalofuata, kwa maana ya "na jambo hilo" au "naye huyo". Kilatini kilifanya hivyo kila siku. Qui mwanzoni mwa sentensi ni sawa na et is. Kirejeshi cha namna hii hakielezi tena nomino ni ipi. Kinaunga tukio na tukio, yaani kinafanya kazi ya kiunganishi kikiwa kimevaa vazi la kiwakilishi. Nathari ya karne mbili zilizofuata ilijengwa juu yake. Sentensi ndefu za John Milton, zinazotembea nusu ukurasa bila nukta, hazingesimama bila which za namna hiyo, na ndizo zinazompotezea njia msomaji wa sasa.

Safari yote ya virejeshi inaweza kufuatwa katika mstari mmoja wa kwanza wa Sala ya Bwana, pale ambapo Kiswahili kina neno "uliye". Injili za Kisaksoni cha Magharibi, za mwishoni mwa karne ya 10, zina þe. Biblia za wafuasi wa John Wycliffe, za miaka ya 1380 na kuendelea, zina that. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, aliweka which, na Biblia ya Mfalme James ya 1611 ikaifuata. Wakati huo which ilimfaa mtu na hata Mungu bila kuvunja heshima. Kufikia karne ya 18 ilikuwa imeanza kusikika kama neno la vitu. Kitabu cha sala cha Waanglikana wa Marekani cha mwaka 1789 kikaibadilisha kuwa who, huku cha Uingereza cha 1662 kikibaki na which. Mgawanyiko huo ulijirudia karne moja baadaye: Waingereza waliporekebisha Biblia yao mwaka 1881 waliiacha which, wajumbe wa Marekani katika kazi hiyo hiyo wakaweka kwenye orodha ya matakwa yao kwamba who au that itumike kwa watu, na toleo lao la 1901 lina who. Tafsiri nyingi za sasa zimekiondoa kirejeshi kabisa.

Shakespeare na watu wa wakati wake hawakuwa na kanuni ya kugawa maneno haya. That, which na who zilibadilishana nafasi kwa mapigo ya mstari na kwa ladha ya mwandishi, na kirejeshi cha mtenda kiliweza kuachwa, jambo ambalo Kiingereza sanifu cha leo hakiruhusu ila mahali pachache. Waandishi walikuwa pia na mazoea mengine: katika vishazi viwili vilivyoungwa kwa and, cha kwanza kilifunguliwa na that na cha pili na which au who. Haikuwa kutafuta madoido tu. That hupenda kukaa jirani na nomino yake. Kadiri kishazi kinavyosogea mbali na nomino hiyo, ndivyo neno lenye umbo la wazi zaidi linavyofaa. Viunganishi vyenyewe navyo vilifanya kazi ya virejeshi. As ilitumika, na bado inatumika, baada ya such na same. But ilitumika baada ya ukanushi, kwa maana ya "asiye" na "isiyo", katika sentensi za kusema kwamba hakuna mtu asiyejua jambo fulani. Hiyo ya but imebaki vitabuni tu.

Nusu ya pili ya karne ya 17 ilileta hamu ya kuinyoosha lugha. Mshairi John Dryden ndiye anayekumbukwa zaidi katika habari ya vihusishi. Mwaka 1672 alimlaumu marehemu Ben Jonson kwa kuviacha mwishoni mwa sentensi, na akakiri kwamba hata yeye mwenyewe amefanya hivyo. Insha yake kuhusu tamthilia, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1668, ilipochapwa upya mwaka 1684 alikuwa ameipitia na kuvihamisha vihusishi hivyo mbele ya which. Dryden alikuwa amelelewa katika Kilatini, ambamo kihusishi hakiwezi kubaki nyuma. Kanuni aliyoifuata ilikuwa ya Kilatini, na ilimlazimu mwandishi kuacha that kila palipo na kihusishi, kwa kuwa that haibebeki hivyo.

Mwaka 1711 ubishi ukafika magazetini. Richard Steele, katika toleo la 78 la The Spectator la tarehe 30 Mei, alichapisha ombi la mzaha ambamo Who na Which, kama waungwana wawili wa ukoo wa kale, wanalalamika kwamba That, mtu wa juzi asiye na asili, amewapokonya nafasi zao. Siku mbili baadaye That alipewa nafasi ya kujibu. Mzaha ulipendeza, ila historia yake ilikuwa imepinduliwa miguu juu: That ndiye aliyekuwa mwenyeji, na walalamikaji wawili ndio wageni. Lakini kwa wasomi wa London waliopima lugha kwa vitabu vya Kilatini, ukale wa neno ulikuwa kufanana kwake na qui.

Sarufi za shule ziliyachukua mazoea haya na kuyafanya sheria. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa mwaka 1762 kitabu kifupi cha sarufi ya Kiingereza kilichoweka mgawanyo unaofundishwa mpaka leo: who kwa watu, which kwa vitu, that kwa vyote viwili. Kuhusu vihusishi alikuwa mpole kuliko sifa aliyopewa baadaye. Alisema ujenzi wa kuviacha mwishoni unafaa mazungumzo, na ule mwingine una madaha zaidi katika maandishi mazito; na sentensi yenyewe inayoeleza kwamba Kiingereza kinapenda kuviacha mwishoni aliimalizia kwa kihusishi. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York na kuandika sarufi yake ya 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana, aliinakili hoja hiyo ya Lowth lakini akakirudisha kihusishi mbele ya which. Utani ukapotea, kanuni ikabaki. Kitabu cha Murray kilichapwa mara nyingi mno pande zote mbili za Atlantiki, na kwa nusu karne ndicho kilichowafunza wengi nini maana ya Kiingereza sahihi.

Mkato nao una historia yake. Wapiga chapa wa karne ya 18 waliuweka mbele ya karibu kila kishazi rejeshi, bila kujali maana. Desturi ya kuutumia kutofautisha vishazi vya aina mbili ilikomaa katika karne ya 19. Kwa desturi hiyo, the soldiers who were wounded bila mkato ni wale tu waliojeruhiwa kati ya wengi. Mkato ukiwekwa kabla ya who na mwisho wa kishazi, askari wote walijeruhiwa. Kiswahili husema "askari waliojeruhiwa" kwa maana zote mbili na kuuachia muktadha kazi. Kiingereza cha maandishi kiliamua kuiweka tofauti hiyo katika alama, na katika wosia au mkataba alama hiyo huweza kuamua nani arithi.

Sasa kuhusu and yenyewe. Vishazi rejeshi viwili vinavyoieleza nomino moja huungwa kwa and, or au but, na kirejeshi huachwa au hurudiwa. Katika the house which he built and sold, which moja inatosha vitenzi viwili kwa kuwa mtenda ni mmoja. Katika the house which he built and which his sons sold, mtenda amebadilika, na which ya pili inamjulisha msomaji kwamba habari bado ni ya nyumba ile ile na kishazi bado ni cha ngazi ile ile. Bila hiyo, msomaji anaweza kudhani kwamba sentensi kuu imerudi. Katika sentensi ndefu urudiaji huo si anasa.

Ugomvi ulianza pale ambapo and which inatokea bila which kabla yake, kama katika a house built in 1700 and which nobody wanted. Upande wa kwanza wa and ni kirai chenye kazi ya kivumishi, upande wa pili ni kishazi kamili. Kilatini kilikuwa kikiruhusu kivumishi kufuatwa na et qui, Kifaransa vilevile, na waandishi wa Kiingereza wa karne ya 18 na 19, hata walioheshimika, waliandika hivyo mara kwa mara. Walimu walipoligundua jambo hilo walilitungia sheria fupi: and which isitumike ila kama which nyingine imetangulia. Ilikuwa sheria rahisi kwa msahihishaji wa mitihani, kwani haikumtaka aelewe sentensi. Ilimtaka ahesabu which.

Ndugu wawili Waingereza, Henry na Francis Fowler, waliitenga sehemu nzima ya kitabu chao The King's English cha mwaka 1906 kwa suala hili, na Henry akalirudia katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya 1926, baada ya kifo cha nduguye. Walionyesha kwamba sheria ya walimu inakosea pande zote mbili. Which ikitangulia haisaidii kitu kama vishazi viwili si vya aina moja, kimoja kikibainisha nyumba ni ipi na kingine kikiongeza tu habari juu yake, au kama which ya kwanza inarejelea nomino moja na ya pili nyingine. Upande mwingine, kirai kinachofanya kazi sawa na kishazi rejeshi chaweza kuungwa nacho kihalali hata bila which ya kwanza. Kipimo ni usawa wa kazi, si urudiaji wa neno. Hapo Fowler walikuwa na haki, na kipimo chao kinazifaa lugha nyingine. Wahariri wa Kiswahili wanakutana na tatizo lile lile kwa sura ya "na ambaye": "mwalimu mstaafu na ambaye aliwahi kuwa diwani" ina kivumishi upande mmoja na kishazi upande wa pili, na mara nyingi "mwalimu mstaafu aliyewahi kuwa diwani" ingetosha.

Katika kitabu hicho hicho, Fowler waliunga mkono pendekezo lililozaa ubishi mkubwa zaidi. Mskoti Alexander Bain, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Aberdeen, alikuwa ameshauri katika sarufi yake ya 1863 kwamba that iachiwe vishazi vinavyobainisha, na who na which zibaki kwa vile vinavyoongeza habari, ambavyo yeye aliviona ni kama sentensi mbili zilizoungwa kwa and. Hoja ilikuwa nzuri kwa mantiki yake: maneno mawili, kazi mbili. Kasoro yake ni kwamba haikuwa ikifuatwa na waandishi, na Henry Fowler alikiri hivyo mwaka 1926. Aliitoa kama tamanio, akieleza kwamba lingefaa kama wangekubali.

Uingereza haikukubali sana. Marekani ilikubali. Mwongozo wa uandishi wa William Strunk, uliochapwa mwaka 1918 kwa ajili ya wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cornell, haukuwa na kanuni hiyo. Mwanafunzi wake wa zamani, E. B. White, aliiingiza alipoutayarisha upya mwaka 1959, na mamilioni ya nakala zikaieneza. Wahariri wa magazeti na wachapishaji wa vitabu wakaanza kuzisaka which zisizo na mkato na kuzigeuza kuwa that. Kwa kipimo chao hata hotuba ya Rais Franklin Roosevelt ya tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya shambulio la Pearl Harbor, ingesahihishwa katika sentensi yake mashuhuri kuliko zote. Baadaye programu za kuandikia kwenye kompyuta zikaifanya kazi hiyo zenyewe kwa mstari wa rangi chini ya neno. Matokeo yanapimika. Mwaka 1961 ndio uliochaguliwa na Chuo Kikuu cha Brown kukusanya sampuli 500 za maandishi ya Marekani, kila moja ya maneno 2,000 hivi, na mkusanyo wa aina hiyo ukafanywa kwa maandishi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kati ya mikusanyo hiyo miwili, which katika vishazi vinavyobainisha imeporomoka. Ni nadra kwa kanuni ya sarufi kubadilisha uandishi wa nchi nzima katika kizazi kimoja, na hii ilifaulu kwa sababu iliwekwa mikononi mwa wahariri, wenye uwezo wa kubadilisha maneno ya watu wengine kabla hayajachapwa.

Wakati wahariri wakigawa kazi kati ya which na that, wanaisimu walikuwa wakiuliza kama yanapaswa kuwekwa katika kundi moja. Mdenmark Otto Jespersen, katika sarufi yake kubwa ya Kiingereza, alitoa hoja kwamba that ya kirejeshi ni ile ile that ya "kwamba". Haina umbo la mtu na umbo la kitu, haina umbo la umiliki, haitanguliwi na kihusishi, na huachwa pale pale ambapo that ya "kwamba" huachwa. Sarufi ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliyohaririwa na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum mwaka 2002 inachukua msimamo wa aina hiyo. Kwa mtazamo huu Kiingereza kina njia mbili tofauti za kuunga kishazi rejeshi: viwakilishi, vilivyokuja kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, na kiunganishi kimoja cha kienyeji ambacho kimeifanya kazi ya þe tangu karne ya 12. Vitabu vingi vya shule bado vinaiita that kiwakilishi, kwa mazoea.

Katika mazungumzo mgawanyo huo uko wazi. Wazungumzaji wa Kiingereza hutumia zaidi that au hawatumii neno, na kihusishi hukiacha mwishoni kama wazee wao wa enzi za Alfred. Lahaja za mikoani zina virejeshi vyake: as katika maeneo ya kati, what kusini mashariki. Charles Dickens aliviweka vinywani mwa watumishi na wachuuzi ili msomaji ajue papo hapo tabaka lao. Whom imebaki karibu katika maandishi peke yake.

Anayeandika Kiingereza leo anaweza kutegemea mambo matatu ambayo waandishi wa pande zote mbili za Atlantiki wanayashika: which haimrejelei mtu, kishazi cha kuongeza habari huwekewa mkato wala hakifunguliwi na that, na vishazi vinavyoungwa kwa and viwe na kazi sawa. Kuhusu which na that katika vishazi vinavyobainisha, na aulize kwanza mhariri wake yuko London au New York.